Maharagwe ya Matanga na Mtihani wa Sheria

Siku ile maharagwe yalipoungua, mwanangu, naikumbuka hata kwa pua. Nikiwa hapa Busia katika ofisi yangu ya uwakili, nikisikia harufu ya sufuria iliyokauka kutoka hoteli ya jirani, moyo hunirudisha Namboboto, nyuma ya nyumba ya marehemu baba mkubwa Wandera, karatasi nimezikunja ndani ya leso na watu wa matanga wanasubiri chakula.

Nakusimulia haya kwa sababu juzi nilikuona mezani pako hapa ofisini. Ulikuwa umeificha simu chini ya faili, na nilipokaribia ukaizima. Nikadhani ni mchumba. Kumbe yalikuwa maswali ya mtihani wa kuingilia shule ya sheria! Nilirudi mezani kwangu nikacheka mpaka nikafuta machozi, maana niliyemwona pale alikuwa mimi mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa, karani katika ofisi ya kupitisha mizigo pale Malaba. Karatasi za malori yanayovuka kwenda Uganda zilipita mikononi mwangu, na nilikuwa mwepesi, sisemi kwa kujigamba. Madereva waliniita madam na kichwa kikanivimba kidogo. Nilitaka kuwa wakili. Chuo kimoja ng'ambo ya mpaka kilikuwa kinapokea watu wazima waliokuwa kazini, mradi wafaulu mtihani wa kuingia: maswali hamsini kwa saa mbili, unasoma kisa, unapima hoja, unachagua jibu. Mtu aliruhusiwa kujaribu mara mbili tu katika maisha yake. Mara ya kwanza niliufanya kimyakimya nikaanguka. Wala sikuanguka kwa ujinga. Muda uliniishia nikiwa swali la thelathini na moja, nimeng'ang'ana nalo kama mtu anayevuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Ilikuwa imenibakia mara moja.

Na hiyo mara moja pia nilitaka kuificha. Kwetu tulilelewa hivyo, kwamba jambo halitangazwi kabla halijaiva. Kulikuwa na kijana wa kijiji aliyetangaza anakwenda ng'ambo kusoma, na wiki hiyohiyo akalazwa hospitali. Watu wakasema ni macho ya husuda. Macho niliyoyaogopa mimi kuliko yote yalikuwa ya jirani yetu, Mama Egesa, aliyekuwa akimtazama mtu kuanzia kisigino hadi utosi bila kupepesa. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, nikaufunga mdomo.

Zilipobaki wiki tatu nikaomba likizo, nikamdanganya bosi kuwa mama anaumwa, nikaenda nyumbani Namboboto kusoma. Lo! Mtu asiye na shughuli inayojulikana ni mali ya kila mtu. Ajiambo, peleka mahindi kwenye mashine. Ajiambo, msindikize nyanya yako kliniki Funyula. Ningekataa kwa sababu gani? Nilisoma dakika kumi chooni, dakika tano nyuma ya ghala, na nilipofungua tena karatasi nilikuwa nimesahau kisa kilianzaje. Kisha, zikiwa zimebaki siku kumi, baba mkubwa Wandera akafariki. Nilimpenda mzee yule. Ndiye aliyenifundisha kusoma saa.

Matanga ya kwetu unayajua. Watu hukaa, hulia, hula, wakalia tena, na binti wa boma mwenye mshahara ndiye anayeshika jiko. Nikazihesabu siku kwa vidole. Maziko yalikuwa Jumatano, kwa hiyo siku ya kunyolewa nywele, ile ya tatu baada ya maziko, ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi hiyo ndiyo ilikuwa ya mtihani. Binti akikosa kunyolewa kwenye msiba wa baba yake mkubwa, watasema anakikimbia kifo. Wengine wataongeza kwamba huenda anajua kilichomuua. Nami nikaamua nitatoroka alfajiri, niseme bosi ameniita. Mtazame huyo wakili mtarajiwa, uongo wa pili kabla hata hajaingia darasani.

Juma moja kabla ya siku hiyo, mchana, niliachiwa sufuria kubwa ya maharagwe. Nikaongeza kuni, nikakaa kwenye kigogo, nikatoa karatasi. Kilikuwa kisa cha ndugu wawili na mpaka wa shamba, kitamu kweli, na nilikuwa nakaribia kulipata jibu nilipoitwa kwa sauti iliyonyanyua kuku.

"Ajiambo! Wewe unalinda nini hapa? Maharagwe imeungua na uko hapo umeinama kama kuku anatafuta mchwa!"

Alikuwa Shangazi Nabwire, dada wa marehemu. Mfupi, mkavu, hakumaliza hata darasa la tano, lakini ugomvi wa ukoo ukishindikana ndiye aliyeitwa. Alinivuta mkono, karatasi zikamwagika. Akaziokota moja moja.

"Hii ni barua ya mwanaume?"

"Hapana, senje. Ni mtihani." Senje ndivyo tunavyomwita shangazi kwetu. Nikaanza kulia, nikamweleza yote, mpaka ile mipango ya kutoroka.

Hakunipa pole. Aliketi kwenye kigogo changu, akauliza kama hakimu.

"Huo mtihani ni ya masaa ngapi?"

"Masaa mbili."

"Ushawahi kaa chini masaa mbili, bila kuamka, ukafanya yote?"

Nikaanza kuondoa kuni chini ya sufuria.

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja, senje."

"Sasa ulitaka kupita na nini?" Akazikung'uta zile karatasi majivu. "Wewe unaogopa watu watakula bahati yako. Hakuna mtu amekula bahati yako, Ajiambo. Tumekula masaa yako, na ni wewe ulitupakulia. Tungejua aje ni yako na hukusema?"

Mwanangu, nimesimama mbele ya mahakimu wengi, wengine wakali. Hakuna aliyewahi kunimaliza kwa maneno machache kama yale. Niliona aibu, tena aibu ya kweli, kwa sababu alikuwa amesema haki.

Kabla sijafuta uso alikuwa ameinua ile sufuria iliyoungua, akaipeleka mpaka pale wanawake walipokuwa wakichambua mboga, akaiweka katikati yao. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Wamama, maharagwe imeungua kwa sababu huyu mtoto yetu anataka kuwa wakili. Ako na mtihani Jumamosi ijayo na hana masaa. Nani atampea?"

Mama Egesa akanitazama kuanzia kisigino, akapanda polepole hadi utosini. Nikasema leo ndiyo leo.

"Wakili?" akasema. "Wa kutoka hapa hapa kwetu?" Akasimama, akajifunga leso upya. "Basi aingie kwa ile nyumba ya mahindi. Mimi nitakaa kwa mlango. Mtu akimwita apitie kwangu."

Na alikaa, siku zote saba, hata siku ya maziko tuliporudi kutoka kaburini. Saa hakuwa nayo. Alileta jiko lake pale mlangoni, akaniambia, "Nikiweka maharagwe kwa moto, anza. Ikiiva, nakuja kuchukua kalamu." Nilimpima kwa saa yangu ya mkononi: maharagwe yale makavu ya kwetu yalichukua saa mbili, mara nyingine yakanipunja dakika chache. Siku ya kwanza alinipokonya kalamu nikiwa swali la thelathini na nne.

"Mama Egesa, bado kumi na sita!"

"Maharagwe haijui hiyo."

Siku ya pili alikuwa akinichungulia huku anachambua maharagwe ya kesho kwenye ungo. Akasema, "Hiyo karatasi moja umeitazama sana. Inakupiga?"

"Swali ni ngumu."

"Iweke kando, enda mbele, utairudia. Mimi nikipata jiwe hapa natafuna? Naweka kando, maharagwe inaendelea."

Hapo ndipo nilipogundua kilichoniangusha mara ya kwanza. Kiburi. Nilikuwa nimezoea Malaba kwamba karatasi haitoki mezani kwangu kabla sijaishinda. Mtihani wa saa mbili hautaki ushinde kila kitu kwa zamu. Unataka uokote yaliyo yako kwanza, kisha uyarudie mawe. Wanaosema haraka haraka haina baraka wamesema kweli, lakini na ngoja ngoja huumiza matumbo, nami nilikuwa nimeumia tumbo mwaka mzima. Siku ya nne nilimaliza maswali yote hamsini. Siku ya sita nilimaliza, nikayapitia upya, nikatoka nje nikamkuta Mama Egesa anabonyeza maharagwe kwa vidole. "Bado haijaiva," akasema, na kwa mara ya kwanza nikaona meno yake.

Kuhusu kunyolewa, Shangazi Nabwire alikwenda kwa wazee wa ukoo, akawaeleza wazi. Hawakuchukua muda. Wakasema mtoto anyolewe kwanza, jua likichomoza, aende na baraka. Jumamosi shangazi akanikalisha mlangoni kwa marehemu, akaninyoa kwa wembe nywele zote, pamoja na misuko niliyosukwa Malaba na kuionea fahari. Nililia kidogo. Nilikuwa nikimlilia mzee, si misuko. Kisha nikapanda pikipiki hadi Busia, nikavuka.

Mlangoni mwa ukumbi msimamizi alichukua kitambulisho changu. Akaitazama picha yenye misuko, akanitazama mimi. "Huyu si wewe," akasema. Akasogea karibu, akaona wembe ulipokwaruza juu ya sikio, na uso wake ukabadilika.

"Bambi! Umefiwa, nyabo?" akasema kwa huruma, akiniita mama kwa lugha ya kwao.

"Baba mkubwa."

"Pole sana. Ingia, ukae pale mbele."

Niliketi nikiwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa. Ningekuwa nimetoroka ningeingia na misuko yangu na uongo wangu, na nusu ya akili ingebaki Namboboto ikitunga majibu ya kuwapa watu. Sasa Namboboto yote ilikuwa inajua nilipo. Swali la saba lilikuwa jiwe, nikaliweka kando. La kumi na tisa vilevile. Msimamizi aliposema zimebaki dakika kumi, nilikuwa nimeshayarudia mawe yangu yote. Nikajiambia, bado hayajaiva, nikayapitia tena.

Nilifaulu. Siku niliyopeleka habari nyumbani nilimpikia Mama Egesa, na sikuunguza kitu. Sasa ni mzee sana, haoni vizuri, lakini ukimkuta Funyula sokoni atakushika mkono akueleze: "Mtihani ya sheria si mchezo. Tulifanya, tukapita."

Basi sikiliza, mwanangu, wewe na wenzako wote mnaosoma kwa kujificha. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na sisi neno hilo hulisema tu kwa wagonjwa, ilhali linawahusu hata wenye ndoto. Sisemi upige mbiu sokoni. Wapo wenye husuda, dunia haijabadilika kiasi hicho. Lakini waambie wale wanaokutuma, maana saa zako ziko mikononi mwao, na wengi wao watakurudishia wakijua ni zako. Na usidanganyike na dakika tano za chini ya faili. Kaa saa zote za mtihani, mara nyingi, mpaka zikuzoee. Jiwe liweke kando, urudi baadaye. Na ukianguka mara ya kwanza kama mimi, useme umeanguka, ili anayejua pa kukushika akushike.

Kuanzia kesho saa nane mchana hadi saa kumi, chumba cha mafaili ni chako. Simu ya kazi nitapokea mwenyewe. Nimekwisha kununua maharagwe, na jiko nitaliweka pale mlangoni nitakapokaa. Mteja akikuita, atapitia kwangu.

Mungu wa wazee wetu akutangulie, mwanangu. Akupe watu wa kukulindia mlango na uso usioona haya kuwaomba. Na siku hiyo ya siku, maharagwe yaive ukiwa umeshaweka kalamu chini.