Siku Niliyoandikisha Watu Posho Isiyokuwapo

Kila nikisimulia habari hii masikio yangu huwaka moto, na bado naisimulia, kwa sababu bila aibu ya siku ile leo nisingestahili kumwuliza mtu hata njia ya kwenda sokoni.

Ilikuwa miaka ile ya tisini, mambo yameanguka mjini kwetu Likasi, kiwanda cha shaba cha Shituru kinafanya kazi siku moja kinalala wiki nzima, nami nimerudi kutoka chuo kikuu Lubumbashi na utafiti wa kumalizia masomo: familia za wafanyakazi wa kiwanda hicho zinakula mara ngapi kwa siku. Mwalimu alinipa sharti moja tu, kwamba kabla ya kumwuliza mtu yeyote niandike ukurasa mmoja juu yangu mwenyewe, mimi ni nani mbele ya hao nitakaowauliza. Niliuandika mara nne nikauchana mara nne (nikisema "mtoto wa Shituru" nitaonekana napendelea, nikisema "msomi" nitaonekana najivuna), mwishowe nikaamua kwamba mtafiti wa kweli hana haja ya kuwamo, nikauacha mweupe.

Asubuhi ya kwanza shati langu lilikuwa limechanika kiwiko, nikawaza, nikawaza tena, nikachukua koti la kaki la baba nilifunike. Kosa ndilo hilo. Baba, kabla ya kuachishwa kazi, alikuwa karani wa posho, yaani ndiye aliyeandika majina ya familia ili zipewe unga wa kila mwezi, unga uliokuwa umekatika tangu mwaka uliotangulia. Kambi nzima ya wafanyakazi ililijua koti lile. Mimi tu, niliyelala nalo nyumba moja, sikuliona.

Nyumba ya kwanza walinipa kiti. Ya pili, kiti na maji. Nikauliza jina la baba wa nyumba, idadi ya watoto, mnakula mara ngapi, na nilipotoka nikakuta mstari wa akina mama wenye kadi za kazi za waume zao mkononi, nami (Mungu anisamehe) nikafikiri, kumbe watu wanapenda utafiti hivi!

"Papa karani, minye niko na batoto munane!"

"Minye kenda, andika!"

Kila nyumba wanane, tisa, na msichana mmoja mwenye gauni la njano nilimwandika katika nyumba tatu, na kwa jinsi nilivyo mtu wa kuwaza kila kitu, nikaandika pembeni: "Watoto wa mtaa huu wanafanana sana, ichunguzwe."

Kufika mchana mstari umefika kwenye reli, na wengine walikuwa wameacha mashamba ya mihogo ili waje. Ndipo mzee mmoja akakunjua mfuko mtupu mbele yangu, taratibu, akauliza, "Unga itafika saa ngapi?"

"Unga gani, papa?"

Ningekuwa na akili ningemnong'oneza. Nilisema kwa sauti ya darasani kwamba mimi ni mwanafunzi, nafanya utafiti, sina unga. Zikalipuka kelele.

"Anatuchekelea!"

"Njala yetu ndiyo diplome yako?"

"Vula ile koti!"

Nikalivua, nikabaki kiwiko nje, karatasi zangu tayari ziko mikononi mwa watu wanaotaka kuzichana, na nikaona wazi kwamba wakinifukuza hapa sina utafiti, sina diploma, na baba hataweza tena kupita njia ile.

Akaja Mama Veronika, jirani yetu wa zamani aliyekuwa akiuza samaki wakavu wa mto Lufira mbele ya mlango wake, akazikusanya karatasi moja moja.

"Mumuache. Ni mutoto ya karani. Ikala, mwana." Nikakaa chini. Akasoma swali langu kwa sauti: "Kwenu munakulaka mara ngapi ku siku?"

"Mara tatu," nikasema.

"Weye!" Akatazama mkanda wangu, tundu jipya nililolitoboa kwa msumari. "Jana ulikula nini?"

Nikasema. Bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya mihogo isiyo na mafuta, mara moja, saa kumi, na mama alituambia ameshiba kabla ya kugusa sahani. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata daftari langu.

Mwanamke mmoja akapiga makofi. "Kumbe na kwa karani! Na siye tulikuwa tunasema banaficha unga mule!"

Wakacheka, nami nikacheka huku nalia. Nikamwomba mzee radhi, akautandika mfuko wake chini, akaukalia, akasema, "Andika. Mara moja, sawa na kwenu." Halafu mstari ule ule ukarudi kusahihisha.

"Minye batoto yangu ni babili tu. Bale bengine nilibaazima."

Jioni ile, jua bado lipo, niliujaza ule ukurasa mweupe bila kuuchana. Tangu hapo sijawahi kubisha hodi kwa mtu na swali ambalo mimi mwenyewe sijalijibu, na koti la baba halijatoka tena msumarini.

Karatasi namba moja ya utafiti wangu ninayo hadi leo, ila mwandiko si wangu. Nilipokuwa bado nimekaa pale chini, Mama Veronika alichukua kalamu akaandika yeye: "Kwa karani. Mara moja."