Mtoto wa Nne wa Cimpunda

Nimezaliwa Nyawera, mjini Bukavu, karibu na soko, na mtu wa pale hapokei hata vitunguu bila kuvihesabu mara mbili. Kampeni ya chanjo ya polio iliponichukua kujitolea, walinipa chaki na kazi ya kuandika milangoni: juu idadi ya watoto wa nyumba, chini idadi ya waliopata matone. Kanuni ilikuwa moja: huandiki mtoto usiyemwona kwa macho.

Siku ya mwisho, huko Cimpunda, mvua ikitushukia kutoka mlimani, niliona mtoto mmoja, wawili, watatu. Mama yao hakuwapo. Yule mkubwa akaniambia, "Mwingine iko analala mule ndani." Niliangalia mawingu. Nikaandika nne juu, nne chini, nikakimbia.

Wiki mbili baadaye nilitoka Bukavu na wenzangu wawili wa kampeni, mwanafunzi wa uuguzi na fundi simu mmoja, mabegi mgongoni, tukaone kusini. Mpango ulikuwa kuivuka Zambia hadi kwenye maporomoko makubwa, kisha tujue la kufanya. Mtoto yule wa nne nilikuwa naye njia nzima. Sikumtaja.

Tukiwa tayari ndani ya Zambia, lori la mahindi lilitushusha penye njia panda, na dereva akadai nauli ya watu wanne.

"Muzee, tuko watatu," nikamwambia.

"Wanne. Niliwahesabu kwenye kioo."

"Basi kioo kikulipe."

Akachukua ya watatu. Lakini kabla ya kuondoka alichungulia tena nyuma ya lori, kama mtu aliyesahau kushusha mzigo.

Basi lingepita kesho yake. Muuza maji akatuelekeza kwenye nyumba za mgodi uliofungwa. Wasafiri hulala humo bure, alisema. Neno bure hunitia wasiwasi, ila si sana. Nyumba zilikuwa mistari na mistari, milango yote ipo, watu hakuna. Mbwa hakuna. Mchana mweupe, na sauti zetu zilirudi kwetu zikiwa zimechoka.

Muuguzi akaniomba chaki, akaandika kwenye mlango wetu kwa mzaha: tatu juu, tatu chini. "Nyumba imekwisha!" Akanirudishia chaki, nikaitia mfukoni, tukaenda sote watatu bombani. Lilikuwa bomba la mpini, na maji yalitoka. Tulijaza bidoni zetu maji, tukarudi.

Juu iliandikwa nne. Chini, tatu.

"Ni weye," fundi akaniambia.

"Miye nilikuwa na bidoni mbili mikononi, sawa na weye."

Muuguzi alisogea karibu na mlango. "Hii nne ni yako," akasema polepole. Kweli. Nne yangu huwa wazi kichwani na mguu wake umepinda. Chaki nayo ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Ndipo nikawaambia.

"Uliandika mutoto haukumuona?" muuguzi akauliza.

"Mvua ilikuwa..."

"Mvua haiguswi na polio, papa. Mutoto ndiye anaguswa."

Muuguzi alikuwa na namba ya shefu wa avenyu ile, mkuu wa mtaa kule Cimpunda. Tulipanda juu ya kichuguu kutafuta mtandao. Shefu akasema ngoja, anakwenda mwenyewe. Tulikaa pale juu, migongo imegusana, kila mmoja akilinda mistari yake ya milango. Jua lilikuwa bado kali shefu alipopiga.

"Maman wa hapa anasema iko na batoto batatu. Batatu tu. Huyo mutoto wa ine, ni nani alikuambia?"

"Mkubwa wao."

"Nimemuuliza pia. Anasema iko analala mule ndani."

"Umeingia, shefu?"

Nilisikia kuku, nikasikia mtu akikohoa.

"Maman amesimama mulangoni. Anasema ndani hakuna kitu." Akashusha sauti. "Hiyo kazi ni yako. Kuja uimalize."

Akakata.

"Labda kweli hakuna mutu," fundi akasema. "Maporomoko iko siku moja tu kutoka hapa. Siku moja!"

"Labda," nikasema. Neno hilo halina mahali pa kuandikwa mlangoni.

Asubuhi tulisimama barabarani, na basi la kusini likatokea kwenye vumbi. Lilipunguza mwendo. Fundi akainua mkono wake, akanitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kuvuka barabara, nimekaa juu ya begi langu upande wa magari yanayorudi kaskazini.