Wangechi Alipotea Ukurasa wa Arobaini

Bibi yangu wa kwanza alipotea ukurasa wa arobaini, na mimi niliyeandika kitabu sikuwa nimeona.

Mjukuu anachapa, mimi naongea. Asiniguse maneno.

Ilikuwa 1977, Nyeri. Nilikuwa nimeandika habari zangu za msituni na kizuizini, wakati tulipigania uhuru, madaftari kumi na moja. Nilitaka kila mtu asome jina Moffat Theuri, hasa wale makarani wa mjini walionicheka nikisema naandika kitabu.

Mchapishaji akanipa mhariri. Msichana! Keziah, hata miaka thelathini hana. Nilidhani atarekebisha herufi. Wapi! Kalamu hata hakushika.

"Mzee, Wangechi alienda wapi?"

"Wangechi gani?"

"Bibi yako. Ukurasa wa arobaini anakuletea viazi msituni. Ukurasa wa tisini uko na bibi mwingine, Murugi. Huyo wa viazi je?"

"Kitabu ni ya vita, wewe! Si ya wanawake."

"Msomaji atamtafuta. Mimi tayari namtafuta. Bila hiyo jibu hatuchapi."

Nilimtukana mpaka nikafika barabarani. Mtoto wa juzi, ati anifundishe maisha yangu!

Lakini kitabu nilikitaka. Nikaenda nyumbani Kiriaini, ambako sikuwa nimekanyaga tangu nifunguliwe. Kule kizuizini mtu aliniambia Wangechi ameolewa. Niliamini haraka, maana ilinifaa.

Nikamkuta kwa shamba ya mama yangu, anachuma kahawa.

"Nimekuja kuuliza ulienda wapi."

Akaniangalia vile mtu huangalia kuku mgonjwa.

"Sikuenda mahali. Ni wewe hukurudi. Mama yako nilimuuguza, nikamzika. Leo ndio unauliza?"

"Ni ya kitabu," nikasema. Ngai, Mungu wangu! Nilisema hivyo kweli.

Akarudi kwa kahawa yake.

Nikamweleza Keziah yote. Akasema, "Kitabu inaanzia hapo."

Nikaandika upya, kwa hasira. Mahali pamoja tu akaniuliza, "Mzee, hapa shambani ulilia kweli?"

"Nililia!"

Kikachapwa. Watu wakakisifu, wengine wakasema kiliwatoa machozi. Nikavimba kichwa, nikampelekea Wangechi nakala.

Ilirudi baada ya wiki mbili, na karatasi ndani: "Nimesoma yote. Hukulia."

Nyinyi mnaoandika siku hizi, mnaona wahariri ni takataka, sikieni. Swali linalokufanya utake kumzaba mhariri kofi, lijibu kabla kitabu hakijachapwa, na ulijibu kwa ukweli. Mimi nilijibiwa na Wangechi, na nakala elfu mbili zilikuwa zimeshatoka.