Tundu la Katikati ya Gurudumu

Mwanangu, naikumbuka asubuhi moja ya mtaani kwetu Kanyosha ambayo hata leo nikiisimulia nashindwa kukaa kitini. Usinicheke. Sijawa mzee wa kutembelea fimbo, meno yangu yote yapo, na bado naota kwamba kuna siku nitalizunguka ziwa lote kwa baiskeli. Lakini nimekuona siku hizi unavyouma kucha, unavyougombeza mlango ukikwama, unavyoamka umechoka kama uliyebeba magunia usingizini. Ndiyo maana nimekuita. Mama yako ameshaweka chai. Keti.

Ulikuwa wakati wa vita. Wewe ulikuwa tumboni kwa mama yako, Spesi, dada yangu. Baba yako alikuwa amekwama Uvira, ng'ambo ya mpaka, na ndani ya nyumba tulibaki mimi na yeye. Mimi nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli, nikiwatoa Ruziba na Kanyosha kuwapeleka mjini. Nilikuwa na kiti cha sponji nyuma, kitambaa chekundu, na madigadi niliyoyasugua mpaka unajiona uso. Ah, nilijiona mfalme!

Halafu siku moja risasi zililia juu milimani nikiwa nimembeba mama mmoja muuza ndagala, wale samaki wadogo wa ziwani. Mikono yangu ilikaza usukani ikawa kama imegandishwa. Tuliingia mtaroni wote watatu: mimi, yule mama, na beseni lake. Aliinuka, akatikisa kitenge, akaniangalia.

"We kijana, hawa ndagala walishakufa kule ziwani. Sasa unataka wafe mara ya pili?"

Watu walicheka, na mimi nikacheka. Lakini tangu siku ile mikono ilikataa kulegea. Mlango ukigongwa, nakaza. Gari likipiga mlio, nakaza. Na kila jioni nilichukua ufunguo nikakaza spoku za magurudumu, moja baada ya nyingine, kwa sababu kichwani nilijiambia kwamba kitu kilichokazwa sana hakiwezi kuniangusha. Unajua kilichotokea? Gurudumu la mbele lilipinda, likawa kama tarakimu nane. Ukiliangalia likizunguka, unaona linacheza rumba.

Nikaisukuma baiskeli mpaka kwa Mzee Rafaeli.

Huyu alikuwa fundi wa baiskeli pale karibu na bomba la maji. Ujana wake aliumalizia kiwandani, kule eneo la viwanda, Quartier Industriel, akisaidia fundi mmoja Mchina aliyekuja kufunga mashine. Walikula wali pamoja miaka mingi, na yule Mchina, kila mashine ilipogoma, kabla ya kuigusa aliketi, akanywa chai, akaitazama. Hapo ndipo alipofundishwa mambo ya wahenga wa kwao, ya zamani mno, wanayoyaita Tao. Maana yake Njia. Mzee Rafaeli alirudi na chai ile na mazoezi yale. Kila asubuhi, kabla ya kufungua sanduku la vyombo, alisimama mbele ya kibanda chake akizungusha mikono polepole, polepole, kama mtu anayepangusa kioo kisichoonekana. Akina mama wa bombani walimwita Mpiga Mbu. Yeye aliwapungia mkono huo huo, bila kuharakisha.

Alilizungusha gurudumu langu mara moja tu.

"Nani alikosana na hii gurudumu?"

"Ni mimi, mzee. Nilikuwa naikaza ili iwe na nguvu."

"Uliikaza, ao uliinyonga?" Akaanza kulegeza spoku, moja moja, akisikiliza kila moja kwa kidole kama anayepiga zeze. Kisha akalitoa gurudumu, akachomoa ekseli, kile chuma kinachopita katikati, akaninyooshea. "Angalia hapa katikati. Iko nini?"

"Apana kitu, mzee. Ni tundu."

"Ehe! Spoku zote zinakuja kukutana ku tundu. Hiyo apana kitu ndiyo inafanya gurudumu izunguke. Ukijaza chuma pale, utapata sinia. Utapakulia bugali." Akanigusa kifuani kwa kidole chenye grisi. "We umejaza. Umejaza risasi, umejaza makelele, umejaza na kesho yenye haijafika. Sasa ekseli itapita wapi?"

Mwanangu, niliingiza kidole tunduni. Nilikuwa nimeacha shule mapema, sikuwahi kuambiwa kwamba utupu unaweza kufanya kazi. Nilitaka kukimbia nikawaambie watu wote! Lakini pia niliogopa kidogo, kwa sababu mimi ni mtu wa kwaya, na nikamuuliza kama hiyo si dini nyingine.

"Mi ni mukristo," akasema, "kila dimanche uko unaniona kanisani pale mbele. Maji ya mto Kanyosha inateremka mpaka ziwani bila kuuliza dini ya jiwe. Ikikuta jiwe, haipigane nayo. Inapita kando. Na inafika. We jifunze kufika."

Basi nikaanza kusimama naye asubuhi. Mimi! Mtu ambaye hata kanisani nilikaripiwa kwa kutikisa miguu. Aliniambia nishushe mabega, nipumue mpaka tumboni, niache mikono iende yenyewe. Mara ya kwanza nilimaliza kabla yake, nikasimama nikimsubiri kama mtu aliyeshinda mbio.

"Umefika wapi?" akaniuliza, mikono yake ikiwa bado hewani.

Akina mama wa bombani nao: "Sasa wamekuwa wawili! Mbu zitatuishia hapa Kanyosha!"

Sikuambii kwamba nilipona pale pale. Apana. Bado nilikaza. Ila sasa nilijua kwamba nakaza, na hilo peke yake lilinifurahisha kama nimeokota kitu njiani.

Ndipo ikaja asubuhi yenyewe.

Usiku milima ilikuwa imenguruma, na kulipopambazuka hakuna gari lililoshuka kutubeba. Barabarani palikuwa na kizuizi. Wanajeshi waliacha wapite wa miguu na wa baiskeli tu. Mama yako alisimama mlangoni ameshika ukuta, jasho linamtoka, akasema kwa sauti ndogo: "Imeanza."

"Panda," nikamwambia.

"We? Wa ndagala? Afadhali nitembee!"

Akatembea mpaka kwenye ua wa jirani, uchungu ukamkamata, akainama. Akarudi akapanda kiti cha kitambaa chekundu. Akanikamata kiunoni, akaniambia mgongoni: "Ukiniangusha, huyu mutoto nitamuita jina lako, na akikua nitamuambia kwa nini."

Tukaondoka. Mwanangu, mzigo niliokuwa nao ulikuwa ninyi wawili, na sikuwa na ndugu mwingine duniani. Kufika hospitali ilikuwa ni kufika. Kuanguka, sikutaka hata kukufikiria. Na kabla hatujatoka Kanyosha, juu kule zikalia: ta-ta-ta. Mikono ikakaza. Gurudumu la mbele likaanza kutetemeka, na Spesi akapiga kelele.

Hapo nikaliona lile tundu. Naapa, niliona kidole cha grisi. Sikuiambia mikono ilegee, maana ukiiamrisha inakaza zaidi. Nilishusha mabega tu. Nikatoa pumzi yote, nikaacha ile hofu ipite katikati yangu kama ekseli, izunguke ipendavyo, mimi nibaki njiani. Na baiskeli ikatulia! Ikatulia yenyewe, kama ilikuwa inanisubiri! Shimo likija, naipa njia. Jiwe likija, napita kando. Mguu wangu ulikanyaga pedali bila kugombana nayo. Nilisikia hata ndege. Katikati ya yale yote, mwanangu, nilisikia ndege!

Kizuizini mwanajeshi mmoja kijana akatunyooshea mkono. "Simama! Munaenda wapi?"

Siku nyingine ningemweleza ukoo wetu wote, na kila neno lingezaa swali. Siku ile nilisimama, nikashika baiskeli, nikampa dada yangu maji ya kunywa. Kisha nikasema neno moja: "Hospitali."

Nikaona mikono yake. Ilikuwa imeshika bunduki vile vile nilivyokuwa nashika usukani. Aliangalia tumbo, akaniangalia mimi, na mabega yake yakashuka kidogo.

"Piteni," akasema. "Lakini endesha pole. Usimuangushe."

Tulipokwisha kupita, Spesi akacheka na kulia pamoja. "Umesikia? Mpaka jeshi inajua habari ya ndagala!"

Tulifika. Walimpokea, mlango ukafungwa, na mimi nikabaki nje nikizunguka ile baiskeli. Ulitoka wewe, na sauti yako ilifika mpaka barabarani! Niliruka. Nilimkumbatia mlinzi wa geti, nisiyemjua, naye akaruka na mimi. Halafu wakaniita ndani, wakakuweka mikononi mwangu, na kwa kuogopa kukuangusha nikakukaza kifuani, nawe ukapiga yowe.

Mama yako, pale kitandani, hakuwa na nguvu ya kuinua kichwa. Lakini alisema: "Mushike kama ulivyoshika guidon ya baiskeli leo."

Nikalegeza. Ukanyamaza. Ukafungua jicho moja, ukanitazama, ukalala.

Basi sikiliza, mwanangu, maana chai inapoa. Sikuambii usiogope, mimi niliogopa njia nzima. Sikuambii ukae bure ungoje dunia ijiendeshe. Pedali nilikanyaga, na jasho lilinitoka. Ninachokuomba ni uache kuikaza dunia. Mtihani wako, mchumba wako, hiyo kazi unayoingoja, vishike, lakini acha nafasi vizunguke. Asubuhi, kabla ya simu, simama uani, shusha mabega, pumua mpaka tumboni. Watakaocheka, wapungie mkono huo huo. Na kitu kikigoma, keti kwanza, kitazame. Tundu ulilo nalo ndani si upungufu. Ndipo unapozungukia.

Mungu aliyetupitisha barabara ile akupitishe na zako. Akupe mikono laini na mgongo ulionyooka. Kila kizuizi kikukute una neno moja tu, tena la kweli. Na siku utakapobeba mtu unayempenda, usikie ndege.

Haya, kunywa. Na ukishike hicho kikombe polepole, sio adui yako.