Wifi Yangu na Kichupa cha Zambarau

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, hana maneno mengi. Mwaka wa kumi na tisa huu yuko maabara ya damu, jicho kwenye hadubini, na nyumbani tukimtania "Mama Vioo" anaguna tu. Mwenye mdomo ni mimi.

Uboho wa mifupa yangu una wazimu: husikia amri ya kutengeneza damu hata pasipo na haja. Bandama likavimba mpaka nikashindwa kukaa kwenye cherehani. Zikaja tembe za kuzima amri hiyo. Miezi minne tu, tumbo likanywea, nikarudi kushona. Niseme nini? Nilifufuka.

Ila tembe hizo zaweza kupunguza mno chembe za kugandisha damu, kwa hiyo kila mwezi napimwa. Jumatatu ile mashine ikatoa elfu ishirini na nane, wakati kawaida hazipungui laki na nusu. Daktari akavua miwani.

"Mama, dawa tunaisimamisha leo. Unaweza kuvuja damu."

Nikaliona lile tumbo likirudi.

Mara mlango ukagongwa. Wifi huyo, mkononi kile kioo chembamba chenye tone la damu yangu.

"Samahani, daktari. Kabla hujaandika."

"Mashine imerudia mara mbili."

"Hata irudie mara kumi. Mashine inahesabu, haiangalii. Mimi nimeangalia. Pembeni mwa kioo chembe zimeshikana mafungu mafungu, na mafungu hayo mashine haiyahesabu. Ni ile dawa ya kuzuia damu isigande, iliyomo ndani ya kichupa cha zambarau tulichotilia damu yake. Damu ya baadhi ya watu haipatani nayo. Niruhusu nitoe nyingine kwa kichupa cha buluu, chenye dawa tofauti."

Loo! Huyo ndiye asiye na maneno!

Akanitoboa mwenyewe. "Taratibu wifi, mkono huo, si kitambaa," nikamwambia.

"Nyamaza. Mishono yako yenyewe inapinda."

Hakucheka. Akikosea, wa kuzikwa ni mimi, na alijua.

Nusu saa nzima nilikaa kwenye benchi nikiomba Mungu. Majibu: laki moja na sabini elfu! Daktari akaenda maabara, akainamia hadubini kwa muda mrefu. Aliporudi akaniandikia tembe za mwezi mzima, kisha akamwambia muuguzi, "Kuanzia leo, chembe zikitoka chache hivi, majibu yasinijie mpaka yule mama aangalie kioo."

Nikasimama katikati ya foleni ya wagonjwa. "Mnamwona yule? Wifi yangu yule!"

Watu wakageuka kutazama, lakini wifi alishafunga mlango wa maabara. Vioo vya watu kumi na wanne vilikuwa vinamngoja.