Sura ya Nne na Mabati ya Mama

Shuleni Kambarage nilikuwa bingwa wa herufi r. Sisemi kwa majivuno, ingawa majivuno yapo. Mwalimu wetu wa Kiswahili wa darasa la tatu alikuwa na orodha yake ubaoni, barabara, rula, karatasi, mrundikano, na kila asubuhi alitupanga mstari tuitamke mmoja mmoja. Nyumbani tulizungumza Kisukuma, na herufi hiyo Kisukuma chetu hakina haja nayo. Wenzangu walisema balabala na lula, wakacheka, wakaketi. Mimi nilirudi nyumbani nikafanya mazoezi peke yangu nyuma ya jiko mpaka ulimi ukakubali. Mdogo wangu wa kiume hakujisumbua. Alisema ikiwa watu wanamwelewa, inatosha. Leo ana miaka thelathini na moja na bado anaendesha pikipiki yake kwenye balabala.

Nimeanza na hilo kwa sababu herufi hiyo nusura imfungie mdogo wangu mlango wa nyumbani, na aliyeushika ufunguo nilikuwa mimi.

Nafundisha chuo cha ualimu, na miaka miwili iliyopita nilikuwa namalizia shahada ya pili ya sosholojia. Nilikuwa nimependa nadharia moja kupita kiasi, kama mtu anavyopenda kitenge kipya akakivaa hata shambani. Nadharia yenyewe ni rahisi kuliko wahadhiri wanavyopenda ionekane. Jamii inamwonyesha kila mtu vitu vilevile vya kutamani: nyumba nzuri, gari, watoto kwenye shule yenye basi la njano. Kisha njia halali za kuvifikia inawapa wachache. Anayetamani bila njia anabanwa, na huo mbano unamsukuma nje ya mstari. Kwenye jedwali la nadharia watu wanagawanywa vyumba vitano. Wapo wanaotamani na kufuata njia. Wapo wanaotamani na kubuni njia zao za mkato. Wapo wanaofuata njia wakiwa wameshasahau walikuwa wanakwenda wapi, na hao niliwajua, maana nakaa nao ofisi ya walimu. Wapo waliotupa vyote wakashika chupa, na wapo wanaotaka kupindua kila kitu. Tena, wanasema wakubwa wa fani, utajiri ukiibuka mahali ghafla, kanuni za zamani hulegea kabla mpya hazijashika, na watu hubaki hawajui kipi ni haramu na kipi kimetosha.

Niliposoma hapo nilimfikiria mdogo wangu moja kwa moja. Alikuwa na stashahada ya ugavi. Aliomba kazi hadi suruali yake ya usaili ikapauka magotini, kisha akaenda Rwamgasa, mkoani Geita, kuchimba dhahabu na wachimbaji wadogo. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe yuko Geita kikazi, akabadilisha mazungumzo. Mimi nikaona nimepata sampuli ya bure.

Nikaenda Rwamgasa Jumamosi moja na hojaji zangu. Walinipokea vizuri mno. Nilipewa ndoo iliyopinduliwa nikalie, kando ya duara lao, yaani shimo lenyewe wanaloingilia. Walikuwa wanaume tisa, weupe kwa vumbi hadi kope. Nikawauliza mmoja mmoja, simu ikirekodi. Kuhusu mgawanyo wa mawe yenye dhahabu, mdogo wangu alijibu kwa niaba ya wote, kwa furaha kabisa.

"Hapa ni kula tu, dada. Bila kula hakuna anayeondoka na kiloba."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba hata msimamizi wa duara, pamoja na ukubwa wake, naye ni kula tu kama wengine.

Wasomaji wangu wanajua kula ni nini katika nchi hii. Mtu akila ofisini hatuulizi ni wali au ugali. Nilichora mstari chini ya sentensi ile mara mbili. Nilikuwa nimekwenda kutafuta walaji, na hawa hapa walikuwa wanakiri mchana kweupe, tena wakitabasamu, bila hata kuombwa. Ukosefu wa kanuni gani zaidi ya huo?

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema kwa muda mrefu. Fomu ya ridhaa waliyoisaini, niliyoiandika mwenyewe kwa mkono wangu, iliahidi kwamba nitarudi niwasomee majibu yao kabla sijayatumia. Sikurudi. Dirisha la kupandishwa daraja lilikuwa linakaribia, cheti kilikuwa kinatakiwa, na barabara ya Geita ni vumbi na makalio kuuma. Nikaona maneno yako wazi. Nikakaa chini nikaandika sura ya nne ya tasnifu yangu, nikaiita "Kula kama Kanuni", na nikiri kwamba ilikuwa sura tamu sana.

Kosa la pili lilikuwa kumsomea mama.

Mama yangu ni mjane, ni katibu wa jumuiya ndogo ya mtaa, na ana masikio yasiyopitwa. Alikuwa kwenye mkeka anachambua dengu. Wiki mbili kabla, mdogo wangu alikuwa ameleta lori dogo na mabati ya geji ishirini na nane, ya kuezekea upya nyumba yetu, kwa sababu ya zamani yalikuwa yanavuja kila chumba isipokuwa choo. Mabati yalikuwa yameegemezwa ukutani, yanang'aa. Fundi alikuwa ameshapima kenchi za paa. Mimi, kwa kutaka sifa, sikumsomea mama maneno ya wachimbaji wenyewe. Nilimsomea maelezo yangu, na nilipoona hajaelewa nikayarahisisha.

"Yaani mama, kule wanakula. Wanaibiana mawe. Ndio utaratibu wao."

Mikono yake ikasimama kwenye ungo. "Na mwanangu?"

"Wote, mama."

"Amesema kwa mdomo wake?"

"Nimemrekodi."

Aliendelea na dengu zake mpaka zikaisha. Kesho yake alimpigia fundi akamwambia asije, akayafunika mabati kwa turubai, na juu ya turubai akaweka matofali. Kisha akaniambia nimwambie mdogo wangu asihangaike kuja Krismasi.

"Nyumba hii baba yenu aliiezeka kwa pesa ya pamba yake," alisema. "Hailali chini ya mali ya kuibia wenzie. Bola ivuje."

Nilijaribu kumweleza kwamba kwa mujibu wa nadharia kosa si la mtu bali la muundo wa jamii. Akaniuliza kama muundo wa jamii ndio aliounyonyesha yeye. Ilinyesha usiku huo na usiku uliofuata. Tukapanga masufuria sakafuni, na kila tone lililogonga sufuria niliona linanitazama mimi.

Mdogo wangu alipiga simu baada ya siku chache. Si mtu wa kulalamika, na ndiyo sababu ilinichoma. Aliuliza tu, "Dada, ulimwambia mama nini?" Nikasema tutaongea. Akasema sawa, akakata. Niliona aibu, nikakasirika na kukasirikia aibu yenyewe, na Jumamosi iliyofuata nikapanda gari kwenda Rwamgasa. Ningependa kusema nilirudi kutimiza ahadi ya fomu. Nilirudi kwa sababu mama alikuwa ameacha kuimba akipika.

Nilifika wakati wa kugawana. Viroba vilikuwa vimepangwa mafungu tisa, na hakuna aliyekuwa amevigusa. Watu wote walikuwa wamesimama hatua kadhaa nyuma, mikono mgongoni, kama wako kanisani. Kiroba na kiroba kwa macho ni kitu kimoja. Hakuna ajuaye kipi kina dhahabu na kipi ni kokoto tu mpaka kikasagwe. Mzee wao, mwenye ndevu nyeupe za kweli na si za vumbi, alipoona nimefika alifurahi.

"Afadhali mwalimu umekuja. Mama lishe anayetuchagulia amekwenda msibani. Njoo utupigie kula."

Nikasimama. "Niwapigie nini?"

"Kula." Akaninyooshea kofia yake ngumu ya kazi, imegeuzwa juu chini. Ndani mlikuwa na kifungo, kifuniko cha soda, ufunguo, jino la kitana, shanga, kila mtu na alama yake. Kazi yangu ilikuwa kufumba macho, kutoa alama moja moja, na kuiweka juu ya kila fungu. Lazima awe mtu asiye na sehemu yake pale, walinieleza, ili asiwe na wa kumpendelea. Na anayefungua kiroba kabla ya kura anafukuzwa, na taarifa zake zinamtangulia kila duara mpaka mwisho wa Geita.

Kura. Nilikuwa nimeishika kofia mkononi na masikio yanawaka. Walikuwa wameniambia kura mara tisa, na mimi bingwa wa Kambarage, binti wa Kisukuma niliyekua nikisikia lula na balabala kila siku, nilikuwa nimesikia kula. Sikio langu lilikuwa limekwenda shule mbali sana.

Nilianza kucheka peke yangu, halafu nikalazimika kueleza, nikiwaonyesha sura yangu na jedwali lake, halafu wakacheka wao. Mzee ilibidi ashike kamba ya duara. Mmoja aliniomba nimwoneshe ukurasa ulioandikwa kwamba yeye ni mlaji, akaupiga picha ampelekee mke wake, ambaye kwa maneno yake hajawahi kumwona akila cha mtu. Nilifumba macho nikachagua. Ufunguo ulikuwa wa mdogo wangu, ukaangukia fungu dogo la pembeni. Aliliangalia, akaliangalia la jirani, akabeba vyake.

Nilimfuata. Nikamwomba msamaha wazi, maana vile vicheko vilikuwa vya wote na kosa lilikuwa kwake. Alitua kiroba akakaa juu yake.

"Kwenye lile jedwali lako," akasema, "uliniweka chumba gani?"

"Cha wanaotamani na kukata njia."

Akafikiri. "Sisi tuliosubili kula kwanza ndio tuliokata njia? Na wewe uliyetakiwa kuludi kutusomea, ukaona mbali, uko chumba gani?"

Alikuwa anatania, na alitabasamu kabisa aliposema. Nilijibu kwa utani. Lakini kwenye gari la kurudi nililitoa jedwali nikaliangalia, na sikuhitaji hojaji. Nilikuwa nimetaka daraja, nikaona njia ni ndefu, nikaikata. Nadharia ilikuwa sahihi kabisa, tofauti ilikuwa kwamba nilikuwa nimekosea nyumba. Sura ya nne niliitupa yote na kuiandika upya. Msimamizi wa tasnifu yangu alisema sasa ina watu ndani yake.

Nyumbani sikumpa mama maelezo. Nilikuwa nimejifunza angalau hilo. Nilimkuta uani anaanika dengu, nikamwamkia, nikaweka simu kwenye stuli na kumchezea sauti ya siku ile ya kwanza. *Hapa ni kula tu, dada. Bila kula hakuna anayeondoka na kiloba.*

Mama hakusubiri hata iishe.

"Si anasema wanapiga kula? Kama jumuiya tunavyopiga kula nani aandae chai." Akaniangalia. "Sasa wizi uko wapi hapo?"

"Haupo, mama."

"Ulioniambia ulitoka wapi?"

"Kwangu."

Nilimweleza yote, fomu na ahadi na uvivu. Alinisikiliza akiwa ameshika kiuno. Sikumbuki mara ya mwisho aliponitazama vile. Labda nilipovunja chungu cha bibi nikasema ni paka.

"Mayu," akasema taratibu, kama Wasukuma wanavyomwita binti yao, "kwa hiyo aliyekula ni wewe. Umekula jina la mdogo wako."

Alinituma nikaondoe matofali juu ya turubai, yote, moja moja, nikayapange vizuri pembeni, na nisitupe. Nilipomaliza, mikono imechubuka, alikuwa ameshika simu yangu na ameshampigia. Aliiweka sauti ya juu ili na mimi nisikie.

"Mwanangu."

"Shikamoo mama."

"Malahaba. Nijibu kwa mdomo wako mwenyewe. Huko unakula?"

Upande wa pili mashine ya karasha ilikuwa inasaga mawe.

"Napiga kula, mama."

Mama alifuta macho kwa pembe ya kanga, akalitazama paa letu bovu, kisha akanitazama mimi.

"Basi Klismasi njoo nyumbani," akasema, "ule."