Juzuu ya Pili Ilikokuwa

Vyuo vinne vya theolojia vilikubaliana kuunganisha orodha za vitabu vyao kwenye kompyuta. Kwa miezi mitatu mkutubi wa kimojawapo, ambaye wanafunzi humwita Bi Kadi akiwapa kisogo, amekuwa akihamisha kadi moja moja kutoka kwenye droo za mbao, akipuliza vumbi kabla ya kuandika.

Kadi iliyomkera kuliko zote ilikuwa na mstari mwekundu: ufafanuzi wa Zaburi, juzuu ya pili, haipo. Ilitoweka miaka kumi na tisa iliyopita, na mwizi alimjua: mwalimu wa Kiebrania. Tangu hapo mzee huyo, sasa mstaafu, alisomea mezani tu. Kwenda na kitabu nyumbani, marufuku.

Alhamisi asubuhi aliandika jina la kitabu, akabonyeza. Juzuu ya pili hiyo hapo, kwenye chuo cha upande wa pili wa mji. Akampigia mkutubi mwenzake.

"Ipo rafuni, dada. Ila ina muhuri wenu. Na kikaratasi ndani: 'Tunawaazima wiki mbili.' Mwandiko mzuri kweli."

"Sahihi ya nani?"

"Yako, dada."

Bi Kadi aliweka simu chini taratibu. Siku hizo kila msomaji alikuwa na kadi yake. Maktaba ya chuo kingine haikuwa na kadi. Kitabu kiliondoka kwa kikaratasi, na kikaratasi kikaondoka na kitabu; hapa hakikubaki cha kumkumbusha.

Angeweza kunyamaza. Mzee alikuwa palepale dirishani, pua imegusa ukurasa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Nimekohoa kwa sauti?"

"Juzuu ya pili imeonekana."

"Ehe! Mwizi nani?"

"Mimi."

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena amtazame vizuri.

"Bibie, miaka kumi na tisa! Nusu ya maktaba hii nimeikariri kwa sababu yako."

"Basi utakuwa umenishinda. Nisamehe, Mwalimu."

"Nitafikiria. Hiki ninachosoma, naondoka nacho?"

"Wiki mbili." Akaandika kwenye kadi, kisha kwenye kompyuta, kisha akahakikisha tena.

Mzee akakibana kitabu kwapani. Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kwa mazoea, akisubiri kuitwa akaguliwe. Bi Kadi alikuwa ameshainamia droo, akitafuta kadi ya juzuu ya pili ili aufute ule mstari mwekundu.